Peugeot 504 na heshima kwa fundi

Wanaoisifu Peugeot 504 huanza na ushindi wa Safari Rally wa 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Ushahidi mzuri, ila gari la mashindano huhudumiwa na kikosi kizima cha mafundi. Wenye uzito zaidi ni ule wa stesheni wagoni zenye safu tatu za viti, zilizofanya kazi ya matatu baina ya miji ya Kenya kwa miaka mingi, zikijazwa kupita kiasi na kupelekwa kwenye barabara mbovu. Zilidumu kwa sababu springi zake hucheza kwa nafasi kubwa, hivyo pigo la shimo hupungua kabla ya kufika kwenye bodi. Na kwa sababu ukifungua boneti, kila kitu unakiona. Kabureta husafishwa kwa petroli, platini hurekebishwa kwa bisibisi, na fundi wa jua kali hahitaji kompyuta imwambie kilichoharibika.

Atasema mtu kwamba magari ya leo hunywa mafuta kidogo, hayachafui hewa kiasi hicho, na humkinga abiria ajali inapotokea. Kweli tupu, kwenye usalama hasa, 504 haina utetezi. Lakini kudai kwamba wanaoitunza wanaongozwa na mapenzi ya ukale tu ni kuwaonea. Wanachokitetea ni gari linalotengenezeka, na hilo halipingani na usalama. Mifuko ya hewa haikumlazimisha mtengenezaji yeyote kuuza taa nzima mahali ambapo balbu moja ingetosha. Huo ulikuwa uamuzi wa biashara.