Wenzi wa Darasa na Wazo la Filamu Fupi

Katika sanaa zinazofundishwa leo vyuoni mwetu, filamu fupi ni ngeni kuliko utenzi, riwaya na tamthilia. Nayo imekuja na desturi yake: wazo halipelekwi kwa mwalimu peke yake, bali husomwa mbele ya darasa zima, na kila mwanafunzi hupewa nafasi ya kusema neno. Desturi hii husifiwa sana, na kwa sehemu kubwa yastahili sifa. Lakini ni nadra kupimwa kwa mizani ya uhakiki. Ni neno gani la mwenzi hulijenga wazo, na ni neno gani hulibomoa? Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa mfano mmoja nilioushuhudia darasani mwangu, wala sitalificha kosa langu mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja alileta wazo la filamu ya dakika kumi. Mama asiyejua kusoma apata ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliye mbali. Ampa mtoto wa jirani simu ili amsomee. Ujumbe wasema kwamba kazi imekwisha, fedha hakuna, na mwana hatarudi kwa sikukuu. Mtoto ashindwa kuyatamka maneno hayo. Asema kwamba mwana ni mzima, amsalimu mamaye, na atarudi. Sikukuu yafika, mwana haji, mtoto aungama, mama alia. Hapo ndipo hadithi ilipokoma.

Darasa lililipokea wazo hilo kwa ukarimu uliopita kiasi. Wa kwanza alitaka tuonyeshwe jinsi mwana alivyofukuzwa kazi. Wa pili alitaka utoto wa mama, ili ijulikane kwa nini hakusoma. Wa tatu alitaka mwana awe na mchumba. Mimi nami, kwa mazoea ya ualimu, nilishauri kwamba mwisho uwe na funzo: mama aende kisomo cha watu wazima. Mwenye wazo alikuwa msikivu, aliyachukua yote. Juma la pili alirudi na mswada wa kurasa ishirini na watu tisa, nao haukuwa na uhai. Wahenga walisema kweli: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hata hivyo, sidhani kwamba kosa lilikuwa wingi wa sauti. Kosa lilikuwa katika namna ya maneno yenyewe. Kila mmoja wetu alitoa hadithi yake, badala ya kueleza alichokiona katika hadithi ya mwenziwe. Tulikuwa waganga waliotoa dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Tena tulisahau kwamba ufupi wa filamu si upungufu wa kuzibwa viraka. Ousmane Sembène wa Senegal, katika Borom Sarret ya mwaka 1963, alitumia dakika zipatazo 20 kueleza siku moja tu ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria wengine hawamlipi. Askari amnyang'anya mkokoteni. Arudi nyumbani na farasi wake bila fedha wala chombo cha kazi. Hatupelekwi utotoni mwake, wala hatuhubiriwi. Siku hiyo moja yatosha kuwa hukumu juu ya mji mzima.

Katika mkutano wa tatu niliomba mswada wa kwanza usomwe upya. Mwanafunzi mmoja, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alisema hivi: "Bibi yangu hajui kusoma. Kila anaposomewa barua, husema, nisomee tena." Alinyamaza hapo. Hakusema neno hilo litiwe wapi, wala kama lafaa kutiwa.

Mwenye wazo aliinama akaandika. Katika mswada uliofuata, mama asikia habari njema, atulia kidogo, kisha asema, "Nisomee tena, mwanangu." Mtoto aitazama simu. Maneno yaliyo mbele ya macho yake hawezi kuyasema, na maneno aliyoyatunga hayakumbuki sawasawa. Mara ya kwanza mwana alikuwa anarudi Ijumaa. Sasa anarudi Jumamosi. Mama hajui herufi, lakini ajua kwamba kilichoandikwa hakibadiliki kati ya usomaji mmoja na wa pili. Anyamaza. Aipokea simu, ampa mtoto andazi, asema, "Umesoma vizuri." Filamu yakoma.

Msomaji na alinganishe miswada hii. Katika ule wa kwanza mama alikuwa chombo cha kutuliza sisi machozi. Katika huu ana akili iliyogundua uongo na huruma iliyousamehe. Mtoto adhani kwamba amlinda mama, kumbe mama ndiye amlindaye mtoto. Nalo shauri langu la kisomo, ambalo nililiona la busara, lingalimtukana mama huyu, maana lilimdhania kuwa asiyesoma ni asiyefahamu. Hilo halikuwa kosa dogo la ufundi. Lilikuwa kosa juu ya utu wa mtu, na darasa ndilo lililoniepusha nalo.

Yuko atakayeuliza: je, filamu hii sasa ni ya nani? Jibu langu ni kwamba mwenzi alitoa desturi ya bibi yake, na mwenye wazo ndiye aliyeona ndani yake mahali pa uongo kufichuka. Hakuna aliyemwibia mwenziwe. Katok i skripka, filamu aliyohitimia Andrei Tarkovsky huko Moscow na iliyotolewa mwaka 1961, iliandikwa naye pamoja na Andrei Konchalovsky, mwanafunzi mwenziwe. Majina mawili hayakuipunguzia heshima yake. Washairi wetu nao, tangu zama za Muyaka wa Mombasa, walijua kujibizana. Na mshairi anayejua kwamba atajibiwa huupima ubeti wake kabla ya kuutoa. Kilicho wajibu ni kukiri deni: jina la mwenzi na liandikwe katika shukrani za filamu.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi kuisema na nzito kuishika. Mwenzi na aseme alichokiona, alipopotea, na anachokijua kwa maisha yake. Tiba na aachiwe mwenye kazi. Naye mwenye kazi na awasikilize wote, lakini asimtii yeyote kabla ya kujiuliza kama neno aliloambiwa lamfanya mtu wa hadithi yake kuwa mtu zaidi au kuwa mfano tu. Ama mwalimu, nafasi yake ni baada ya wote. Tangu siku ile mimi husema wa mwisho, na mara nyingi naona kwamba nililotaka kulisema halihitajiki tena.