Sufu juu ya Sufu: Tarizi ya Mammen

Katika kazi za sindano zilizobaki kutoka enzi ya Waviking, tarizi ya Mammen inastahili sifa ya pekee. Ilifukuliwa mwaka 1868 katika kilima cha Bjerringhøj, karibu na Viborg, Denmark, ndani ya kaburi la mtu mwenye cheo aliyezikwa majira ya baridi ya 970–971. Umaarufu uliliendea shoka lake lililotiwa nakshi ya fedha, hata mtindo mzima wa sanaa ukapewa jina la Mammen. Mavazi yake yaliyodariziwa yamebaki vipande tu, lakini vipande hivyo vina mengi ya kufunza.

Nakshi za tarizi hiyo ni wanyama, majani yanayojipinda na nyuso za watu, zilizodariziwa kwa uzi wa sufu juu ya kitambaa cha sufu. Mshono wenyewe ni wa kawaida: uzi husonga mbele juu ya kitambaa, kisha sindano hurudi nyuma nusu hatua chini yake na kuibukia upande uleule wa uzi, hadi mstari ukaonekana kama kamba iliyosokotwa. Ustadi umo katika mipindo. Mnyama wa Kiviking ana shingo, mkia na miguu iliyofumana, na kona moja iliyovunjika humharibu mzima. Kwa hiyo mdarizi hufupisha hatua mstari unapojikunja na kuirefusha unaponyooka, akiongozwa na jicho. Uzi ukikazwa mno, kitambaa hukunjamana. Ukilegezwa, mstari huvimba. Sufu nayo haitaki pupa. Huchakaa kila inapopenya kitambaa, ndiyo maana hukatwa vipande vifupi. Ikishatulia hutanuka, nyuzi zake zikashikana na za kitambaa, na nakshi huonekana kama imeota humo.

Kazi hiyo haikutunzwa ilivyostahili. Waliofukua kilima waligawana vitu, na ilibidi vikusanywe upya. Mifupa ya marehemu ilipotea kwa zaidi ya miaka 100, mpaka ilipotambuliwa katika sanduku lililoandikwa jina la kaburi jingine. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2021.

Leo wanyama hao hushonwa kwa mashine, kwa uzi wa poliesta, hatua zote zikiwa zimepangwa na programu kabla kitambaa hakijaguswa. Hata wanaodarizi kwa mkono mara nyingi hutumia sufu laini ya kufumia sweta. Uzi wa kale ulisokotwa kwa mkono, ukakazwa kuhimili sindano. Huu wa sweta hufumuka njiani, na mkia wa mnyama huwa na manyoya pale palipotakiwa mstari safi.