Safari ya Wawili Baharini: Lynn Rival na Vyombo vya Chovai

Masimulizi ya safari za baharini ni utanzu mkongwe katika pwani yetu. Hata hivyo, ni nadra wanafunzi wetu kutakiwa wayahakiki kwa vigezo vilevile wanavyotumia kuhakiki riwaya au tamthilia. Makala haya yanalinganisha masimulizi ya aina mbili kuhusu mke na mume waliosafiri kwa chombo katika Bahari ya Hindi. Ya kwanza yamechapishwa kitabu na kusomwa katika nchi nyingi. Ya pili ni ya Wabajuni wa Chovai na visiwa jirani, ambayo hadi leo yamo zaidi vinywani mwa watu na katika majalada ya maafisa wa uhamiaji. Hoja yetu ni moja: safari hubadilisha ulimi wa msafiri, na mhakiki asiyeisoma safari hiyo ndani ya lugha ya msimulizi atamhukumu vibaya.

Tuanze na kitabu. Paul na Rachel Chandler ni Waingereza walioamua kuishi baharini katika mashua yao ya matanga, Lynn Rival. Mnamo Oktoba 2009 waling'oa nanga Shelisheli kuelekea Tanzania. Tarehe 23 mwezi huo walitekwa na maharamia, wakapelekwa Somalia, na hawakuachiliwa hadi tarehe 14 Novemba 2010, yaani baada ya siku 388. Mwaka 2011 walitoa kitabu kiitwacho Hostage: A Year at Gunpoint with Somali Gangsters.

Kifani, nguvu ya masimulizi haya imo katika uchache wa wahusika wakuu na ufinyu wa mandhari. Watu wawili wamezoea kugawana zamu za usukani, chakula na hofu. Ghafla hawana hata uwezo wa kuamua watalala wapi. Kilele cha mateso si siku ya kutekwa, bali ni siku za mwanzo za mwaka 2010 walipotenganishwa kwa nguvu, wakapigwa walipokataa, kisha kila mmoja akakaa peke yake kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo dhamira kuu si uharamia peke yake. Ni ndoa inapopimwa kwa kuondolewa kile kilichoifanya iwe ndoa, yaani kuwa pamoja. Hapa kitabu kinastahili sifa.

Udhaifu unaanzia kwenye jalada. Jina la kitabu linaubandika uhalifu kwenye jina la taifa zima, ilhali hata katika mkasa wenyewe dereva wa teksi wa London, mzaliwa wa Somalia, alisaidia kuwakomboa wawili hao. Isitoshe, pwani ya Somalia ni ndefu na watu wake si wa aina moja. Wanandoa hao walishikiliwa sehemu za kati za nchi. Kusini kabisa, baada ya Kismayuu, kuna Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, visiwa vya wavuvi na mabaharia ambao lugha yao ni Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Msomaji anayeishia kwenye jalada hatafikiri kwamba katika pwani hiyohiyo wamo Waswahili ambao nao walitishwa kwa bunduki.

Serikali ya Siad Barre iliangushwa mwezi Januari 1991. Vita vilipofika kusini, Wabajuni, ambao hawakuwa na jeshi wala ukoo wenye nguvu wa kuwalinda, waliporwa na kushambuliwa. Wengi walikimbia kwa njia waliyoijua, nayo ni bahari. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi na kukisukuma chombo kusini, kuelekea Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi waliishia katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu, Mombasa. Katika vyombo hivyo nako kulikuwa na wake na waume. Tofauti ni kwamba akina Chandler waliichagua bahari iwe maisha yao, ilhali kwa watu wa Chovai bahari ilikuwa kazi, kisha ikageuka kuwa mlango pekee wa kutokea.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika hadhira. Hadhira ya akina Chandler ilitaka kujua waliteseka vipi. Hadhira ya Mbajuni anayeomba hifadhi Ulaya ni afisa anayetaka kujua kama anadanganya. Akina Chandler walikuwa na pasipoti na magazeti ya kuthibitisha siku zao. Mbajuni ana ulimi tu. Nchini Uingereza, mazungumzo yake yamekuwa yakirekodiwa na kuchambuliwa ili iamuliwe kama kweli anatoka visiwani au ni mtu wa Kenya.

Hapa ndipo wanaisimu tunapohusika. Kibajuni kina ch mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina t: tatu ni chachu, mtu ni nchu. Hata visiwa vyenyewe huandikwa kwa namna mbili, Chovai au Tovai, Chula au Tula. Sasa tuseme mke na mume walitoka Chovai mwaka 1991 wakakaa Mombasa miaka kumi, wakiuza samaki sokoni na kusomesha watoto. Je, watasema nchu au mtu? Watasema yote mawili, kutegemea wanazungumza na nani. Mchambuzi anayesikia mtu na kuandika "Kenya" amesikia kituo cha pili cha safari akakidhani ndicho cha kwanza. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba lugha huonyesha jamii iliyomlea mtu, wala haiwezi yenyewe kuthibitisha uraia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilisisitiza kwamba mchambuzi wa lugha asivuke mipaka ya utaalamu wake.

Suala hili linagusa pia darasa letu. Mwanafunzi wa Kibajuni akiandika chachu kwa maana ya tatu, kalamu nyekundu humsahihisha, na ni haki kama zoezi ni la Kiswahili sanifu. Lakini tukimwambia kwamba hayo ni makosa, badala ya kumwambia kwamba hiyo ni lahaja, tunamfundisha kukificha kitu ambacho huenda siku moja kikawa ushahidi pekee wa kwao.

Tunapendekeza wanafunzi wa fasihi simulizi na wa elimu ya lahaja washirikiane kukusanya masimulizi ya safari hizi Lamu, Malindi na Mombasa, kwa ridhaa ya wasimulizi na bila kutaja majina yao. Wayahakiki kama fasihi: nani aliichagua safari, nani anaisimulia, na nani anasikiliza kwa nia gani. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtafiti naye, baada ya kuzunguka kwenye vitabu vya wageni, hana budi kurejea kwa wasimulizi wa pwani yake, na hao wa mwaka 1991 sasa wanazeeka.