Malengo ya Maendeleo Endelevu katika Usanifu Majengo: Uhakiki kwa Mfano wa Hospitali ya Butaro

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, ni 17, na chini yake zimo shabaha 169 zinazokusudiwa kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Katika taaluma ya usanifu majengo, malengo hayo sasa yanatumika kama kigezo cha kupima ubora wa kazi. Mwongozo uliotolewa Copenhagen mwaka 2018, kwa mfano, unapanga majengo ya nchi mbalimbali chini ya lengo moja moja. Mpangilio huo humrahisishia msomaji, lakini huficha ukweli kwamba uamuzi mmoja wa usanifu hugusa malengo kadhaa, na malengo hayo mara nyingine huvutana.

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, inalidhihirisha hilo. Ilifunguliwa mwaka 2011, miaka minne kabla ya malengo hayo kupitishwa. Wasanifu wake, MASS Design Group, walianza na swali la tiba: wagonjwa watakingwaje wasiambukizane kifua kikuu wakiwa wodini? Ndipo korido zikawekwa nje, madirisha yakapangwa ili hewa ipite, na feni kubwa zikafungwa darini. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilo na waashi wenyeji. Msingi ulichimbwa kwa mikono badala ya mashine ili wanavijiji wapate ujira.

Ni rahisi kuubandika mradi huu lengo la 3 kuhusu afya, la 8 kuhusu kazi zenye staha na la 12 kuhusu matumizi yenye uwajibikaji. Hata hivyo, lebo hizo hazielezi mizani iliyotumika. Hewa ya asili hupunguza matumizi ya umeme, lakini katika nyanda za juu zenye baridi humgusa mgonjwa anayehitaji joto. Uchimbaji wa mikono hugawa kipato, lakini ni kazi ngumu mwilini. Orodha ya malengo haisemi lipi litangulie.

Kwa hiyo, malengo yana manufaa yakiulizwa kabla ya mchoro wa kwanza, si yakigongwa kama mhuri baada ya jengo kukamilika. Ripoti ya kila mradi inapaswa kubainisha lengo lililopewa uzito, lililopunguziwa, na ni nani anayebeba gharama ya uamuzi huo.