Jukwaa Ndani ya Riwaya: Ngũgĩ wa Thiong'o kutoka Kampala hadi Kamĩrĩĩthũ

Wahakiki wengi wamezoea kuigawa kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) katika mafungu mawili: kabla ya gereza na baada yake. Kwa mtazamo huo, seli ya Kamiti ndiyo iliyomtoa katika Kiingereza na kumrejesha katika Kigikuyu. Makala haya yanashikilia kwamba gereza liliyakuta mabadiliko yameshaanza. Aliyembadili mwandishi wa riwaya ni mwandishi wa tamthilia.

Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, tamthilia yake The Black Hermit ilionyeshwa jijini Kampala. Ilimhusu msomi kijana aliyejitenga na watu wake wa kijijini, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa watu hao wasingeielewa. Mgongano huo ulipata jibu miaka 15 baadaye huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi, ambao waliisahihisha hata lugha ya tamthilia yenyewe. Serikali ililizuia onyesho hilo. Desemba 1977 Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Sauti za wasahihishaji hao zinasikika katika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoiandika gerezani kwenye karatasi za chooni, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Shetani Msalabani. Msimulizi wake ni manju wa gĩcaandĩ. Abiria wa matatu wanapokezana visa. Na katika pango la Ilmorog wezi wanapanda jukwaani mmoja mmoja kujisifu, wakitaja wake, vimada na magari yao mbele ya hadhira. Hilo ni onyesho lililovikwa vazi la riwaya.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Munira wa Petals of Blood (1977) anajihoji, anajidanganya, anaungama. Wezi wa pangoni hawana undani huo, kwa kuwa mhusika wa jukwaani sharti atambulike mara moja. Ngũgĩ alipata wasikilizaji, akapoteza sehemu ya shaka.

Hivyo basi, kuisoma Shetani Msalabani kimyakimya darasani, kama orodha ya dhamira na wahusika, ni kuinyima nusu ya maana yake. Na isomwe kwa sauti, kama riwaya ya Kigikuyu ilivyosomwa majumbani na vilabuni. Ndipo tutakapopima kwa haki kilichopatikana na kilichopotea.