Anwani za Diski: Jina na Kitu

Programu za kuendeshea diski zilizoea kutaja mahali pa habari kwa namba tatu: silinda, kichwa, na sekta ya baiti 512. Lugha hiyo ilifaa maadamu ilieleza umbo halisi. Baadaye diski zikajidai kuwa na vichwa 16 zisivyokuwa navyo. Na kwa silinda 1,024 na sekta 63, yaliyozidi baiti milioni 528 hayakufikiwa. Kuhesabu sekta mfululizo tangu 0 kuliondoa uwongo huo, lakini si ubahili: biti 28 zilikoma kwenye baiti bilioni 137, hata kanuni ya ATA-6, iliyochapishwa mwaka 2002, ikaleta biti 48. Basi sifa ya mageuzi hayo si ukubwa wa namba, bali ni kuwa anwani haidai tena kuujua mwili wa kitu.