Mgongo wa Milaya

Ukitaka kumpima fundi wa kudarizi, usihangaike na maua. Geuza kitambaa. Kwa mbele karibu kila milaya inavutia: waridi jekundu, majani mabichi, tausi aliyefungua mkia. Mgongoni ndiko mtu anakojulikana. Kama nyuzi zimerukishwa kutoka ua hadi ua, kama mafundo yananing'inia, utaona pale pale mahali alipochoka. Mgongo wa fundi hasa unafanana na mbele kiasi kwamba mgeni husita asijue upande wa kutandika.

Milaya, katika Kiarabu cha Juba kinachosemwa Sudan Kusini, ni shuka la kitanda, na mara nyingi mtu akilitaja jina hilo huwa na maana ya shuka lililodariziwa kwa mkono. Sisi wa Kiswahili tuwe waangalifu tunapolitamka, maana irabu moja tu inalitenganisha na neno lisilosemwa mbele ya wakwe. Na wakwe hawako mbali na habari hii: milaya ni kitambaa cha harusi, cha mama kumwachia binti, cha kutandikwa mgeni anapokuja na kutundikwa ukutani ili chumba kichangamke. Aliyekulia kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi, vinavyonyooshwa kila mtu anaponyanyuka, ataelewa upesi.

Kazi huanza na shuka tupu na mchoro. Maua huchorwa kwanza juu ya nguo, kisha sindano hufuata mstari. Mshono wa mnyororo ni rahisi kuueleza: sindano inatokea juu, uzi unazungushwa kuwa kitanzi, sindano inarudi pale pale ilipotokea, halafu inachomoza hatua moja mbele, ndani ya kitanzi, na kukishika kisikimbie. Kitanzi kimoja kinamshikilia mwenzake. Kujaza petali ni kazi nyingine. Hapo nyuzi hulazwa ubavu kwa ubavu kama ukindu kwenye mkeka, bila nafasi ya nguo kuchungulia, na kila uzi unarefuka au kufupika kidogo kulingana na ukingo wa petali.

Ugumu uko kwenye mkono unaovuta. Ukivuta sana, nguo inajikunja na ua linakuwa kovu. Ukilegeza, uzi unabaki na vitanzi vitakavyonaswa na bangili siku ya kwanza ya kutandika. Mvuto ule ule lazima uwepo asubuhi na jioni, siku ya furaha na siku ya homa, kwa sababu shuka litatandazwa lote mara moja na kila tofauti itaonekana. Hata urefu wa uzi una hesabu yake: mrefu mno unajisokota na kufunga mafundo, mfupi mno unakulazimisha kutunga sindano kila baada ya jani.

Tupige hesabu ndogo. Shina la sentimita 30, kwa mishono ya milimita 3, linataka mishono 100. Hilo ni shina moja, bila jani wala ua, kwenye shuka la kutosha kitanda kizima. Bado kuna pindo, ambalo mara nyingi hufumwa kwa kulabu pande zote, na foronya za kufanana nalo. Anayeijua kofia ya mkono ya Lamu au Unguja, yenye vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hatashangaa kusikia kwamba milaya huchukua wiki nyingi, hata miezi. Bandu bandu huisha gogo, ila hapa gogo linachanua badala ya kuisha.

Uzuri mwingine wa kazi hii ni kwamba haidai chumba, umeme wala cherehani. Inakunjwa ikakaa mapajani. Inasubiri maharage yachemke, inawekwa chini mtoto akilia, inaokotwa tena chini ya mwembe huku mazungumzo yakiendelea. Sehemu inayoshonwa tu ndiyo iko wazi. Nyingine imekunjwa isiguswe na vumbi, maana nguo nyeupe katika mji wa vumbi jekundu haina msamaha.

Kwa kuwa inakunjika, milaya ilisafiri. Vita vilipoanza Juba Desemba 2013, na mapigano yalipozuka tena mjini humo Julai 2016, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Wengi waliokwenda Uganda walifungia vitu vyao ndani ya milaya: sufuria, nguo za watoto, chochote kilichokuwa karibu. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na katika miezi michache ikawa na watu zaidi ya 200,000. Mpiga picha Nora Lorek alipofika huko, aliwapiga picha wakimbizi wakiwa wamesimama mbele ya milaya zao, zikiwa pazia la nyuma. Wanawake kambini waliendelea kudarizi, wengine kwa ajili ya kuuza.

Nikizitazama picha hizo, macho hunivuta kwenye maua, kama yanavyomvuta kila mtu. Lakini fikiri unafunga mzigo na hutaki maua yachafuke. Utayageuzia ndani. Basi mgongo ndio utakaotazama barabara, ndio utakaosugua bega na kupita kwenye vichaka. Uzi ulioachwa ukining'inia utanaswa na mwiba wa kwanza, uvute shina zima. Uliofichwa vizuri utapita. Fundi aliyeusafisha mgongo ule, miaka kabla, hakuwa akiiwaza safari. Alikataa tu kuacha uzi ukining'inia.